Siku Nne za Kumfuata Mwanaidi

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: kwenye ngazi za blok letu hapa Michenzani, kwenye hitma, hata sokoni nikiwa nachagua ndizi. Na kila mmoja nimempa kipande tu, maana mnauliza nikiwa na mzigo mkononi. Sasa naandika yote mara moja. Anayetaka kunilaumu anilaumu, lakini kwanza asome mpaka mwisho.

Kwa wasiomjua, Mwanaidi ni mdogo wangu wa tumbo moja, tumezaliwa Jambiani sote wawili. Aliolewa na Alain, Mfaransa aliyekuja kwetu kujenga matangi ya maji ya mvua, akakaa miaka, akasilimu, na Kiswahili chake mpaka leo kina Jambiani zaidi kuliko changu. Walihamia Ufaransa, kwao Alain, kijiji cha milimani chenye jina refu kuliko barabara yake. Watoto hawakujaliwa. Mwaka jana Mwanaidi akaanza kuumwa, na kila simu sauti ilizidi kuwa ndogo.

Mimi mnanijua. Akifa mwanamke katika mablok haya, mlango unaogongwa ni wangu. Nimeosha wazee, nimeosha wazazi waliokufa na watoto wao. Siku moja Mwanaidi akaniambia kwenye simu, "Da Zuwena, ntakapokufa unioshe wewe. Sitaki mikono ya watu wa hospitali." Nikamkemea kwanza, nikamwambia atapona. Kisha nikamwahidi.

Habari za viza na tiketi siandiki, zilinichosha kuzifanya na zitawachosha kuzisoma. Nilisafiri ili nimuuguze. Lakini chini ya begi, ndani ya kanga zangu, nilikuwa na sanda, kafuri, udi na mfuko wa majani makavu ya mkunazi. Nilivificha ili mgonjwa asivione.

Lyon hadi Saint-Étienne

Nilitua Lyon Jumatatu asubuhi. Alain macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari, kwa hiyo alikuwa amenitumia njia: treni mpaka Le Puy, basi mpaka Langogne, kisha kibasi kidogo mpaka kijijini. Kama hakuna kikwazo, aliniambia, ningefika magharibi.

Simu yangu ilikamata waifai ya uwanja wa ndege, na ikalia papo hapo. Alikuwa Alain. Hakusema shikamoo wala habari ya safari. Alisema, "Da Zuwena, Mwanaidi katutoka. Alfajiri."

Nilikaa juu ya begi langu katikati ya watu. Nikasema inna lillahi, nikasema nnakuja, nnakuja sasa hivi. Akasema, "Njoo, tunakungoja." Kisha akalia, na mimi nikalia, na mtandao ukakatika. Sikumuuliza watangoja mpaka lini. Kwetu swali hilo halipo. Aliyekufa alfajiri anazikwa alasiri, na akicheleweshwa sana kwa ajili ya mtoto aliyeko Pemba au bara, basi asubuhi ya pili. Kichwani mwangu saa zilianza kunikimbia kuanzia pale.

Treni iliondoka kwa wakati. Nilikaa mkabala na bibi mmoja mwenye mbwa mdogo ndani ya mkoba. Kila mbwa alipotoa kichwa nilirudisha miguu, si kwa kumchukia, ila nilikuwa na udhu na nilitaka ubaki. Bibi akaona namwogopa. Akamgeuza mbwa upande wa dirisha, akanipa kipande cha mkate na jibini kunipoza. Nilikuwa sijala tangu kwenye ndege, nikala, na machozi yakinitoka, na yeye akanipangusa shavu kwa karatasi bila kuuliza kitu.

Saint-Étienne treni ikasimama na haikuendelea. Mgomo. Watu wote walishuka wakinung'unika kidogo, kama sisi umeme ukikatika, kisha wakaenda kunywa kahawa. Mimi nikamkimbilia mfanyakazi mmoja wa stesheni. Kifaransa changu chote nilikiokota kwenye meza za chai za hoteli ya Kendwa nilipokuwa mpishi: asubuhi njema, asante, ongeza mkate. Hakuna hata neno moja pale linalosema mdogo wangu amelala bila kuoshwa. Yule mtu akanionyesha ubao. Basi la badala ya treni lingekuja saa tisa mchana.

Saint-Étienne hadi Le Puy

Basi lilikuja saa kumi. Milima ikaanza, na mvua nyembamba ya baridi, na kila kituo dereva alishuka kumsaidia mtu kwa upole ambao siku nyingine ningeusifu. Siku ile nilitamani kumsukuma. Niliangalia jua lilivyokuwa likishuka nyuma ya mawingu na kusema moyoni, sasa wanamswalia, sasa wanamtoa.

Tulifika Le Puy basi la mwisho la Langogne limeshaondoka. Nilijaribu teksi. Mwenye teksi akanieleza kwa Kiingereza kwamba magari ya pale kazi yake kubwa ni kupeleka wagonjwa hospitali, na yote yana watu mpaka kesho. Nikasimama njiani na begi, mtandio kichwani, viatu vya kutembelea, nguo zimelowa.

Mtawa mmoja mfupi akanishika mkono. Mji ule, nilikuja kuelewa, ndipo mahujaji wa Kikristo wanapoanzia safari yao ya miguu, wiki na wiki mpaka Uhispania. Aliponiona na mtandio na begi na uso wa mtu aliyechoka, akanihesabu miongoni mwao. Alinipeleka kwenye nyumba yao, akanipa kitanda, akanionyesha dawa ya malengelenge ya miguu. Nilimwambia kwa ishara kwamba mimi natembea kwa basi. Akacheka, akadhani nafanya mzaha.

Chakula kilikuwa supu ya adesi. Harufu yake ilinipeleka nyumbani, lakini nikakumbuka onyo la Mwanaidi kwamba kule huitia nyama ya nguruwe. Nikambonyeza mtawa, nikajifanyia pua ya nguruwe kwa kidole, nikauliza kwa macho. Akafurahi sana. Akaenda jikoni akaniletea soseji mbili juu ya sahani. Nilitikisa kichwa mpaka mtandio ukanivuka. Alipoelewa aliniomba radhi mara nyingi, akanikaangia mayai, na meza nzima ya mahujaji ikala mayai pamoja nami.

Waifai ya nyumba ile ilikuwa sebuleni tu. Nilimpigia Alain mara tatu, hakupokea. Nikajiambia: yuko makaburini.

Le Puy hadi Langogne

Hapa ndipo nilipoharibu, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Jumanne asubuhi nilikuwa kituoni mapema, wa kwanza, begi miguuni. Basi la Langogne lilikuja, likapunguza mwendo, likasimama ng'ambo ya barabara, likapakia watu wawili, likaenda. Nilipiga kelele, nikapunga kanga. Kumbe mimi nilisimama upande wa kushoto, kama ninavyosimama Darajani maisha yangu yote, na wenzetu wale wanaendesha kulia. Nilikuwa nimesubiri kwa uaminifu basi la kurudi nilikotoka. Lililofuata la Langogne lilikuwa mchana.

Nilirudi kwa watawa nikakaa sebuleni. Nikahesabu. Alfajiri ya jana mpaka adhuhuri ya leo. Kama Alain hajazika, basi amemweka kwa ajili yangu, na kumweka maiti kwa ajili ya uzembe wa mtu aliyesimama upande mbaya wa barabara ni kumtesa. Nilimwona Mwanaidi kwenye chumba cha baridi, miongoni mwa watu asiowajua, akimngoja dada yake. Nikachukua simu nikamtumia Alain ujumbe wa sauti. Naukumbuka neno kwa neno.

"Shemeji, msinisubiri. Zikeni. Msimuweke zaidi kwa ajili yangu. Mimi ntakuja kaburini."

Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Nilimwachia mdogo wangu haki yangu ili apate sitara yake. Nikazima simu, kwa sababu sikutaka kusikia mtu akiniambia tumeshamzika. Nikatia udhu, nikatandika kanga kwenye pembe ya sebule chini ya msalaba wao, nikamswalia Mwanaidi swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Mtawa alipita, akaona, akafunga mlango taratibu ili nisisumbuliwe.

Na baada ya hapo, sikilizeni, nilitulia. Huu ndio ukweli ninaouonea haya. Yale mashindano na jua yalikwisha. Basi la mchana nililipanda upande wa kulia, nikatazama nje kama mtalii: ng'ombe wakubwa wa rangi ya maziwa, mawe meusi, nyumba zilizoinama. Dereva alisimama njiani kuzungumza na mwanamke aliyekuwa akianua nguo, na mimi nikatabasamu.

Langogne

Niliposhuka Langogne kulikuwa na mwanamume anapakia maboksi ya jibini kwenye gari. Nilimwonyesha karatasi yenye jina la kijiji cha Alain. Akajipiga kifua, akaonyesha gari, akaonyesha barabara. Alikuwa anakwenda huko huko, sasa hivi, nusu saa haifiki. Nikafikiria. Mwanamume simjui, milima, jioni inaingia, na anayenisubiri ni kaburi. Nikamshukuru, nikakataa. Aliniangalia kidogo, akapandisha mabega, akaondoka.

Nililala katika nyumba ya mama mmoja aliyekodisha chumba juu ya duka lake la uzi. Jumatano asubuhi nikaenda ofisi ya kupokea wageni kuulizia kibasi cha kijijini. Msichana wa pale akaniambia kwa Kiingereza polepole kwamba kibasi kile hakiendi mpaka kiitwe, na kinaitwa siku moja kabla. Asiyekiita jana hana cha kupanda leo. Nilikuwa nimefika jana ofisi imefungwa. "Basi kesho," nikasema. Wala sikubishana. Akaandika jina langu: Alhamisi, saa saba mchana.

Jumatano yote nilikuwa mtalii wa kweli. Nilizunguka, nikanunua uzi, nikakaa na yule mama mwenye duka akinifundisha kufuma soksi na mimi nikimwonyesha mshono wa kofia. Nilimlia Mwanaidi, lakini kwa utulivu, kama mtu anayelia matangani siku ya tatu. Hata usingizi nilipata. Simu ililala ndani ya begi, imezimwa.

Alhamisi saa tano nilikwenda kungojea kibasi ndani ya ofisi ile kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Nikasema acha niwashe simu nimwambie Alain nafika leo. Ikakamata waifai ya ofisi, ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe. Wa kwanza ulikuwa wa Jumanne jioni. Sauti ya Alain ilikuwa ya mtu asiyelala.

"Da Zuwena, huku hawaruhusu kuzika siku ileile, na vibali vyenyewe vina kazi. Nlikuwa nshapanga Jumamosi, ili ufike. Lakini umesema tusikusubiri, tuzike, na wewe ndo mkubwa wetu. Nmekwenda kuwaomba, wamekubali Alkhamisi. Sanduku wanalifunga saa nane mchana. Likifungwa halifunguliwi tena."

Kisha mwingine. "Hajaoshwa. Nlikuwa nakungoja wewe." Kisha wa Jumatano, "Dada, upo wapi?" Kisha wa asubuhi ileile, anapumua kwanza, halafu, "Basi. Nimeelewa."

Siku nne Mwanaidi alikuwa ameningoja, na mimi nafuma soksi. Na kama ningenyamaza tu, kama nisingejifanya mwema kwenye simu, angeningoja mpaka Jumamosi. Nilimwambia yule msichana kila kitu kwa Kiingereza kibovu nikimshika mikono. Akampigia Alain kwa simu ya ofisi. Hakupokea. Akapiga namba nyingine, akaniambia kibasi hakiwezi kutoka kabla ya saa saba, kinapeleka watoto wa shule chakulani. Akaniletea chai. Ikapoa mezani.

Langogne hadi kijijini

Kibasi kilikuja saa saba na dakika tano. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani, anaitwa Sylvie. Abiria mwenzangu alikuwa mzee mwenye boksi la kuku wawili, na kwenye karatasi ya Sylvie mzee ndiye wa kwanza: ashushwe kwake, bonde la upande mwingine, kisha mimi. Nilipomwonyesha saa nane kwenye simu akatikisa kichwa. Kwa njia ile tungefika saa nane na robo.

Nikajaribu Kiingereza, hakijui. Nikajaribu ile mashine ya kutafsiri kwenye simu, bila waifai haikufunguka. Mzee na kuku wake wakanitazama. Nikafungua begi, nikatoa kanga, nikatoa sanda. Niliikunjua juu ya magoti yangu, ile nguo nyeupe yote, nikaonyesha barabara mbele, nikaonyesha saa. Nikatoa na kafuri. Harufu ilijaa ndani ya gari mpaka kuku wakatulia.

Sylvie akaniangalia kwenye kioo. Kisha akamwambia mzee maneno machache. Mzee akafikiri. Niliuona uso wake ukifikiri, na sijawahi kumtazama mtu kwa hofu kama ile. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya boksi la kuku, akaelekeza mkono mbele. Twende kwanza kule. Yeye atarudi nyuma.

Njia panda tulipofika, Sylvie akakata kulia badala ya kushoto. Hakukimbia, njia ile haikimbiliki, lakini hakusimama tena. Tukakuta kundi la kondoo barabarani na mchungaji wao hana haraka ya aina yoyote. Mzee akashusha kioo, akamwita kwa sauti ambayo sikuitarajia kutoka kwa kifua kile. Kondoo wakapanda ukingoni. Mimi nilikuwa nasoma Yasini, napotea, naanza upya.

Nyumba ya maiti ilikuwa mwisho wa kijiji, nyumba ya kawaida yenye maua mlangoni. Saa nane kasoro dakika ishirini na tano. Nilishuka na begi, na sikumbuki kama niliwashukuru. Kama hamkuniona nikiwashukuru huko, Sylvie na mzee wangu, basi nawashukuru hapa.

Chumbani

Mtu wa suti nyeusi alinifungulia. Ndani kulikuwa na harufu ya sabuni, na maji yakimiminika.

Alain alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Mwanaidi alikuwa amelazwa juu ya meza, amefunikwa kanga yake kuanzia kitovu mpaka magotini na nyingine kifuani, na Alain alikuwa akimwosha upande wa kulia, kwa kitambaa alichokizungushia mkono, chini ya kanga, bila kumfunua. Kwenye kiti kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa mdogo wangu. Niliusoma nikiwa nimesimama. *Kama dada hakufika, unioshe wewe, mume anaruhusiwa. Anza na udhu. Kulia kwanza. Usinifunue. Maji yasiwe ya moto. Akifika dada, mwachie.*

Aliponiona alirudi nyuma hatua moja. Akaweka kitambaa pembeni, akanipisha, macho mekundu. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

"Karibu, dada," akasema. "Nlikuwa nshaanza. Chukua wewe, ndivo alivotaka."

Nilimtazama Mwanaidi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikaitazama ile mikono ya Alain. Nimeosha maiti nyingi na nimeona wake wa ndugu, dada na binti wanavyoshika maiti wao, wengine kwa woga, wengine kwa haraka ili wamalize. Yeye alikuwa akimwosha kama anavyooshwa mtu aliyelala ili asiamke. Siku nne amekuwa naye, mimi nilikuwa njiani nikimtumia amri. Nilitamani kukichukua kile kitambaa kuliko nilivyotamani kitu chochote maishani mwangu. Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili yake.

"Endelea, shemeji," nikamwambia. "Mimi ntakumiminia maji."

Akaniangalia kuhakikisha. Kisha akakichukua.

Nilitia majani ya mkunazi kwenye ndoo, nikayapikicha mpaka maji yakatoa povu, nikamimina, naye akaosha. Kulia, kisha kushoto. Mara ya mwisho nikatia kafuri. Hakukosea popote. Nilifungua mdomo mara moja kumkumbusha vidole vya mguu, na yeye alikuwa ameshavifikia.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Alizishika nywele za Mwanaidi, zile zilizobaki, akazishika vibaya, akanigeukia. "Mikia mitatu," akasema. "Sijui kusuka. Alicheka sana nlipojaribu."

Basi nikasogea kichwani, maana maiti wa kike husukwa mikia mitatu. Nywele zilikuwa laini kama za mtoto, na chache. Nilisuka mkia wa kwanza. Nilimwomba radhi mdogo wangu kwa sauti, mbele ya mumewe, kwa kila kitu: kwa upande wa barabara, kwa ujumbe, kwa ile siku nzima niliyokaa nafuma uzi. Nikasuka wa pili.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa saa nane. Yule mtu wa suti akasema kitu kwa Kifaransa nyuma ya mlango, kwa adabu, kisha akakirudia. Alain hakugeuka. Alikuwa ameushika mkono wa Mwanaidi, na akamjibu kwa Kiswahili cha Jambiani, kama anayemjibu jirani.

"Ngoja bwana. Dada yake bado hajamaliza."

Mtu yule hakuelewa hata neno moja. Lakini alingoja.